Alhamisi za Fundi Miavuli

Alhamisi, 7 Machi

Mvua imeanza leo saa nne asubuhi, na mgonjwa wa kwanza kukabidhiwa kwangu peke yangu ni fundi miavuli. Nimecheka mwenyewe koridoni mpaka mfagiaji akaniangalia vibaya.

Niandike vizuri ili siku nikisoma tena nielewe. Nina wiki tatu kwenye kliniki ya ini. Mimi si nesi wala daktari. Cheo changu ni mshauri wa dawa, yaani daktari anaandika, Sista anagawa, halafu mgonjwa analetwa kwangu, chumba cha mwisho kile kilichokuwa stoo ya mashuka, nikae naye ili vidonge vimezwe kweli, visiende kulala kabatini. Homa ya ini C inatibika. Kidonge kimoja kila asubuhi, siku themanini na nne, chupa tatu za vidonge ishirini na nane. Ukimaliza tunasubiri miezi mitatu, tunapima damu, kirusi hakipo, kwaheri. Ukirukaruka siku kirusi kinaweza kurudi, na dawa ya mara ya pili haipatikani ovyo. Hii ya kwanza yenyewe fundi ameisubiri mwaka na nusu.

Namna ya kukaa na mgonjwa nimejifunza mwenyewe, kwenye kijitabu cha fotokopi nilichokikuta kabatini kwa Sista. Kinaitwa Mahojiano ya Kuamsha Nia. Humwambii mtu la kufanya. Unamuuliza swali lililo wazi, unanyamaza, anachosema unamrudishia kama kioo, mpaka asikie sababu zake mwenyewe kwa sauti yake mwenyewe. Nimekisoma mara nne. Ukurasa wa 32 mpaka wa 35 haupo, nadhani mashine ilizimeza. Haidhuru, hapo nabuni.

Basi fundi akaingia. Mrefu, mzee kiasi, vidole vitatu vimefungwa plasta. Akakaa ukingoni mwa kiti kama mtu aliyekuja kuazima ngazi.

Nikamuuliza, "Mzee wangu, dawa hii ina maana gani kwako?"

"Maana yake kidonge."

Nikamrudishia: "Kwako wewe ni kidonge tu."

"Wewe huoni ni kidonge?"

Amemeza cha kwanza mbele yangu. Vimebaki ishirini na saba. Simu yake ilitumbukia kwenye ndoo mwezi uliopita, kwa hiyo wengine wote nitawapigia kila wiki, yeye atakuwa anakuja mwenyewe kila Alhamisi, na chupa yake, tuhesabu. Akakubali kwa kichwa. Akatoka bila kusema kwaheri.

Jumapili, 10 Machi

Mama amepiga. Nikajaribu mbinu kwake. Akasema paa linavuja, nikasema, "Unahisi paa linakuelemea." Akaniuliza: "Nani kakufundisha kunihoji kama polisi? Umekula?" Nimesema nimekula. Sikuwa nimekula.

Alhamisi, 14 Machi

Vidonge ishirini. Sawasawa. Bado hasemi.

Jumanne, 19 Machi

Mvua. Sijaongea na mtu tangu saa kumi.

Alhamisi, 21 Machi

Amesema. Nimefurahi.

Vidonge kumi na tatu, sawasawa. Nikaacha kijitabu mezani, nikauliza tu, "Hizo plasta vipi?" Akaviangalia vidole vyake kama ndiyo kwanza anaviona. Akasema anashona kitambaa kwenye mbavu za mwavuli kwa sindano nene, na sindano haina adabu. Zamani akijichoma alikuwa anatukana, ananyonya kidole, anaendelea. Tangu aambiwe ana homa ya ini, akijichoma anasimamisha kazi. Anafunga kidole. Mwavuli wa mteja anauosha wote kwa klorini, hata kama tone halikugusa. Mteja anasubiri, anamuuliza mbona unaosha, fundi hana la kusema. Wengine wameondoka na miavuli yao haijashonwa.

Nikamrudishia: "Umekuwa unaiogopa damu yako mwenyewe."

Mvua inapiga mabati.

"Nataka nikijichoma nitukane tu, binti. Nitukane, niendelee."

Nimeandika sentensi hiyo nyuma ya kadi yake. Kijitabu kinasema hiyo ndiyo sababu yake, ishike kama yai.

Alipotoka akasema, "Haya, Bi Maswali." Nimepata jina.

Alhamisi, 28 Machi

Sita, sawasawa. Amekaa dakika arobaini. Dakika zangu kwa mgonjwa ni kumi na tano.

Jumapili, 31 Machi

Mvua tangu alfajiri. Mama hakupiga, mtandao labda. Chumba ninachoishi kina kitanda, jiko la mafuta, dirisha moja linaloangalia ukuta. Nimeviuliza viatu vyangu swali lililo wazi. Vimenyamaza vizuri sana, vinafaa kuwa washauri.

Alhamisi, 4 Aprili

Chupa ya kwanza tupu. Ya pili tumeifungua pamoja, akameza, akagonga chupa mezani kama mtu aliyemaliza mchezo wa bao.

Ameniambia alivyoupata ugonjwa. Ujanani alikuwa anajidunga, yeye na wenzake wanne, sindano moja. Wenzake wote hawapo. Ameacha miaka kumi na tisa sasa, kwa nguvu zake. Mke aliondoka kabla hajaacha. "Alichoka nikiwa bado sijachoka," akasema. Hakulia wala nini. Alikuwa ananirekebishia mpini wa mwavuli wangu huku anasema. Nilikuwa sijamwomba.

Jumatatu, 15 Aprili

Sista kanivuta pembeni. Sista ni mtu mzima, anatembea polepole, anaona kila kitu.

"Mdogo wangu, benchi limejaa. Kwa fundi unakaa saa nzima."

"Ndo anafunguka, Sista."

"Anafunguka au unafunguka?"

Nikasema mimi nasikiliza tu. Akaniangalia juu ya miwani. "Wewe unasikiliza kama mtu mwenye njaa."

Nimekasirika siku nzima. Mtu unafanya kazi kwa moyo, unaambiwa una njaa.

Alhamisi, 18 Aprili

Kijitabu, ukurasa wa 31, kinaeleza rula ya nia. Unamwambia mgonjwa, toka sifuri mpaka kumi, kumaliza dawa kuna umuhimu kiasi gani kwako? Anataja namba. Kisha unamuuliza swali la pili, na swali la pili liko ukurasa wa 32. Haupo. Nimebuni: "Kwa nini si kumi?" Si ndiyo kawaida, mtu akipata saba unamuuliza tatu zimekwenda wapi.

Nimetumia rula ya kweli, ya shule, mgonjwa anaweka kidole. Dereva mmoja wa lori ameweka kwenye sita. Nikauliza kwa nini si kumi. Akafunguka huyo: safari ndefu, tajiri wake haelewi, vidonge vinapata joto ndani ya gari, hajisikii mgonjwa hata kidogo, na kaka yake anasema ini linajiponya lenyewe. Ameongea dakika ishirini bila kukatizwa. Nimejisikia mshauri kwelikweli.

Fundi: vidonge kumi na tatu, sawasawa. Kwake sikuona haja ya rula.

Alhamisi, 25 Aprili

Dereva wa lori hakuja kuchukua chupa ya pili. Simu haipatikani.

Fundi, sita, sawasawa. Ameleta karanga kwenye karatasi. Tumekula tukiangalia maji yanavyopita dirishani. Hakuna aliyeuliza swali, la wazi wala la kufunga.

Jumapili, 28 Aprili

Mama: "Una marafiki huko?"
Mimi: "Wapo."
Mama: "Nani?"
Nikasema mtandao unakatika.

Alhamisi, 2 Mei

Chupa ya tatu, ya mwisho. Mwezi mmoja umebaki. Nilidhani atafurahi. Amekizungusha kidonge mkononi muda mrefu kabla ya kumeza, kama anayekagua kifungo cha shati.

Nikamtania ili acheke: "Mzee, ukiruka hata kimoja utaendelea kuniona hapa mpaka mvua za mwakani."

Amecheka. Kicheko kirefu kuliko utani wenyewe.

Alhamisi, 9 Mei

Chupa kaisahau nyumbani. Hajawahi. Nikasema haidhuru, wewe nakuamini.

Jumatatu, 13 Mei

Simu ya dereva haipatikani. Nimejaribu mara tatu. Mvua haijakatika tangu Ijumaa, mashuka yana harufu ya ukungu.

Alhamisi, 16 Mei

Vimebaki kumi na sita. Vilipaswa kuwa kumi na tatu.

Nimehesabu mara mbili juu ya trei, nikidhani vimegandana. Fundi anaangalia dirishani.

"Mzee wangu, vitatu hivi vipi?"

"Mvua nyingi. Kazi nyingi. Mtu anasahau."

Kijitabu kinasema usilaumu. Sikulaumu. Nikatoa rula haraka. Kumaliza dawa, weka kidole. Akaweka kwenye saba. Nikauliza kwa nini si kumi.

Akaanza polepole, halafu akakolea. Kwamba mwilini hasikii tofauti. Kwamba mtu wa rika lake anaponywa ili aende wapi. Kwamba huu ndio msimu wake, watu wamepanga foleni na miavuli, asubuhi hana hata nafasi ya chai. Kwamba aliishi na kirusi hicho miaka ishirini wakasikilizana. Mimi naitikia, narudisha, "unaona umri umekwenda," "unaona mmezoeana," na kila nikirudisha anaitikia kwa kichwa na kusogea zaidi. Nilipomwambia aweke kidole tena akaweka kwenye nne.

Nne. Ameingia na saba, kwa kazi yangu ametoka na nne.

Hakukaa. Dakika kumi na mbili.

Ijumaa, 17 Mei

Kwa nini si kumi. Kwa nini si kumi. Dereva aliingia na sita. Nani anajua alitoka na ngapi moyoni mwake. Nilimkalisha mtu nikamwomba anitajie sababu zote za kuacha, moja moja, kwa sauti yake mwenyewe, mimi nikimshikia kioo. Na kijitabu kinasema wazi kabisa kwamba mtu huamini anachojisikia akisema.

Nimemwambia Sista. Sikuficha kitu. Alisikiliza huku anapanga chupa. Hakunikaripia, afadhali angenikaripia.

"Ukurasa wa 32 unasemaje, Sista, wewe unaujua?"

"Mimi hicho kitabu nilikuwa nakizuilia mlango usijigonge, mdogo wangu. Sijawahi kukisoma."

Jumapili, 19 Mei

Mama hakupiga. Mimi pia sikupiga. Ningesema nini.

Alhamisi, 23 Mei

Hakuja.

Nimekaa mlango wazi tangu saa mbili. Kila mwavuli ukikunjwa koridoni nainua shingo. Saa tisa Sista amekuja na kikombe cha chai, akakiweka kwenye kiti cha mgonjwa badala ya mezani, akaenda.

Kidonge cha leo kingemwachia sita.

Ijumaa, 24 Mei

Sista kasema, "Nenda. Kufuatilia mgonjwa nyumbani ni kazi yako, imeandikwa. Kwenda kupiga soga si kazi yako, na hilo nalijua mimi na wewe." Akaniandikia fomu. Nimeondoka saa nane.

Nilidhani napajua kwake kwa jinsi alivyonisimulia. Sikupajua. Ni mlango mmoja wa bati kati ya duka la rangi na mashine ya kusaga, na miavuli imening'inia kichwa chini mpaka nje. Foleni kweli ipo, watu saba. Anasema nao: "Jumatatu." "Huu umekufa, nunua mwingine." "Jumatatu." Hakuna aliyekaa. Hakuna hata kiti cha mtu mwingine. Nimesimama kwenye mstari nyuma ya mama mmoja mwenye mwavuli wa mtoto, na kwa robo saa nzima sikusikia mtu akimwambia kitu kisichohusu mwavuli.

Zamu yangu ilipofika hakuinua uso. "Shida nini?"

"Sijui bado. Nimekuja kuuliza."

Akainua uso.

Wakati huohuo akajichoma. Nimeona kwa macho yangu. Aliweka kila kitu chini. Akaiambia foleni yote, "Njooni kesho." Watu wakaguna, mmoja akasema mzee huyu ana wazimu wa usafi. Akatoa ndoo, akatoa klorini, akaosha mwavuli wa yule mama, mbavu moja moja, mpini, kamba. Mama akauchukua unachuruzika, haujashonwa, akaondoka nao kwenye mvua bila kuufungua. Fundi akabaki ameshika kidole juu, kama mwanafunzi anayejua jibu.

Nikamfunga plasta. Nina glavu kwenye mkoba, siku zote ninazo.

Akageuza debe, akanipa nikae. Chupa iko rafuni, kati ya mafuta ya cherehani na kopo la vifungo. Nikaomba ruhusa, nikahesabu. Kumi na nne. Vilipaswa kuwa sita, kwa kuwa cha leo hajameza. Siku nane amekosa, na tano za mwisho ni mfululizo.

Nilikuwa na maneno mengi kooni. Kwamba ini halibembelezwi, kwamba dawa ya pili haipo, kwamba mwaka na nusu uliisubiri hii. Nikayameza yote. Nikauliza, "Ilikuwaje?" nikanyamaza. Na safari hii nimenyamaza kweli, sikuwa napanga swali linalofuata.

Mvua. Mashine ya kusaga inazima, inawaka.

"Wewe ulisema," akasema.

"Nilisema nini, mzee wangu?"

"Nikiruka nitaendelea kukuona mpaka mwakani."

Nikaiweka chupa chini.

"Nilikuwa natania."

"Najua. Mimi si mtoto." Akachukua kitambaa, akakiweka chini. "Mwanzo niliruka kimoja tu, nione. Nikasema siku moja ikiongezeka, si Alhamisi moja hiyo itasogea. Ukanihesabia, ukaona vimezidi, ukanitolea rula. Nikasema kumbe kweli. Halafu nikaanza kueleza zile habari za uzee na nini, nikajisikiliza, nikaona mbona zinaleta maana. Nikarudi nyumbani, nikameza siku mbili tu, nikaacha kabisa. Jana nimeona aibu kuja."

Kijitabu kinasema mrudishie alichosema. Sikuweza. Ningesema nini, "unahisi Alhamisi ni muhimu"? Nilikaa na yale maneno mapajani.

Juu ya meza yake kuna fimbo ya kupimia, ya mbao, namba zimefutika katikati. Nikaisogeza. "Kumaliza hivi vilivyobaki. Weka kidole."

Akaweka kwenye mbili.

Swali likaja lenyewe mdomoni, kwa mazoea: kwa nini si. Nikaliuma. Nikamwona dereva wa lori anahesabu sababu kwa vidole vyake vinene, anafurahi kusikilizwa. Nikaangalia ile fimbo. Kutoka mbili kwenda juu ni njia ndefu, imefutika. Kutoka mbili kwenda chini kuna hatua mbili tu, na hakuzishuka.

"Kwa nini mbili, mzee wangu? Kwa nini si sifuri?"

Akaangalia mlangoni, pale foleni ilipokuwa. Akaangalia ndoo.

"Sindano," akasema.

Nikangoja.

"Yule mama kaondoka amelowa. Mtoto wake atakwenda shule amelowa. Kwa sababu nimejichoma kitu kidogo hivi." Akanionyesha, ukucha juu ya ukucha. "Nimechoka kuosha, binti. Nimechoka na hiyo ndoo. Nilikwambia, nataka nijichome nitukane. Ulikwenda kuandika mahali."

"Niliandika nyuma ya kadi."

"Basi ndiyo hiyo. Haijaondoka."

Kidole kilikuwa kimesogea kwenye fimbo. Sikuangalia kimefika wapi. Nikamuuliza tu anataka kufanya nini. Akachukua chupa mwenyewe, akameza bila maji. Kumi na tatu.

Nimerudi kwa miguu. Sikufungua mwavuli.

Jumamosi, 25 Mei

Nimempigia Sista, Sista kampigia daktari. Daktari hakupepesa maneno: siku tano mfululizo si jambo dogo. Amalize vyote vilivyobaki, asiruke tena hata kimoja, na damu ndiyo itasema. Huenda dawa imefanya kazi, huenda haikufanya. Hakuna anayejua mpaka Agosti.

Nimekata karatasi, nikaandika ukurasa wa 32 kwa mkono. "Akitaja namba, muulize kwa nini si ndogo zaidi. Nyamaza." Nimeubandika kwa gundi. Chini yake nikaongeza: "Usitanie kuhusu kuonana."

Jumapili, 26 Mei

Mama kapiga. Akauliza tena kama nina marafiki. Nikasema sina. Akasema, "Haya. Angalau leo umenijibu." Tumeongea saa nzima, habari za paa.

Alhamisi, 30 Mei

Vidonge saba. Sawasawa. Leo ndiyo ingekuwa siku ya kumuaga. Dakika kumi na tano, si zaidi, na mlango nimeuacha wazi. Wote wawili tumeona saa.

Jumanne, 4 Juni

Jua. Watu wanatembea wamekunja miavuli kwapani hawajui waifanyie nini.

Alhamisi, 6 Juni

Kidonge cha themanini na nne. Kakileta mfukoni mwa shati ndani ya chupa kubwa, kinagongagonga. Akameza mbele yangu, kwa maji ya Sista. Chupa akaipindua mezani. Hakikutoka kitu.

Nikamuuliza anajisikiaje. Akasema kama mtu aliyeshuka kwenye basi na bado anatikisika.

Nikamweleza tarehe: damu Alhamisi ya 29 Agosti, kabla ya hapo hana haja ya kuja. Nilisema kwa sauti ya kazi. Nimejizoeza asubuhi nzima.

Hakuinuka. Akachukua rula yangu ya shule, akaisukuma upande wangu wa meza.

"Haya, Bi Maswali. Upweke. Weka kidole."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Kijitabu kinasema mazungumzo ni ya mgonjwa, mshauri hajiingizi. Nikageuka kuangalia koridoni. Sista alikuwa anapita na trei, akaangalia mbele kama hasikii.

Nikaweka kidole kwenye nane.

"Kwa nini si kumi?" akauliza.

Nilitaka kusema hilo swali sivyo. Lakini kwa hili ndivyo lilivyo.

"Kwa sababu ya Alhamisi," nikasema.

Akakaa na jibu langu. Hakulirudisha, hakulipamba. Halafu akachukua mwavuli wangu pembeni ya mlango, akaufungua mle mle chumbani, akaukagua mbavu kwa mbavu.

"Huu utakuja kuharibika," akasema. "Ukiharibika unajua nilipo. Na debe nitalipigilia mto."

Alhamisi, 13 Juni

Kiti cha mgonjwa, watu kumi na mmoja leo. Dereva wa lori kapokea simu. Yuko njiani, hajakata shauri kuhusu dawa. Nikamuuliza sita ilikuwa ya nini, kwa nini haikuwa tatu. Akasema, "Mke wangu." Halafu akaongea.

Saa kumi na moja nimekwenda kwa fundi. Jua linawaka na mimi nimebeba mwavuli, watu wananiangalia. Mbavu moja nimeivunja mwenyewe, nyumbani, kwa goti.

Akaigusa tu akajua. "Hii imevunjwa kwa makusudi."

"Unahisi imevunjwa kwa makusudi," nikamrudishia.

"Kaa chini wewe."

Debe lina mto.

Alhamisi, 29 Agosti

Damu imechukuliwa. Alipochomwa alifumba macho, mtu aliyewahi kujidunga miaka yote ile.

Alhamisi, 5 Septemba

Sista kaniletea bahasha mwenyewe, hakumtuma mtu. Ilikuwa imefungwa. Fundi alikuwa ameshakaa kwenye kiti, si ukingoni tena, mgongo umefika nyuma.

Nikasoma. Nikasoma tena, kwa sababu herufi zilikuwa zinacheza. Kirusi hakionekani.

"Kwa Kiswahili cha kawaida," akasema.

"Hakipo, mzee wangu. Umepona."

Aliomba karatasi, akaikunja mara nne, akaiweka mfukoni alipokuwa anaweka chupa. Akasema ana kazi ya mtu, imechelewa, kwaheri. Akaenda hivyohivyo. Nimekaa na kiti, na mlango, na rula. Nikasema basi, ndivyo kazi yenyewe ilivyo, mtu anapona anaondoka.

Saa kumi na moja nikafunga chumba. Sikuwa na mwavuli wa kuvunja, mvua zenyewe mpaka Oktoba. Nikaenda mikono mitupu.

Alikuwa anashona begi la shule, na mwenye begi amesimama anangoja, msichana wa kama miaka tisa. Nikakaa kwenye debe. Sindano ikateleza. Nimeona tone, jekundu, dogo kama kichwa cha pini, juu ya kidole cha shahada.

Mimi nikashika mkoba wangu, glavu, mazoea. Mkono wake ukaenda upande wa ndoo. Ukafika nusu ya njia, ukasimama.

Akakinyonya kidole. Akatukana, tusi moja la zamani, refu, hata mama yangu halijui. Msichana akaziba mdomo kwa viganja akicheka. Fundi akafuta kidole kwenye suruali, akaokota sindano.

Akaendelea.